Msaada: natafuta ukoo wa bibi yake waifu, Mmexico aliyezaliwa miaka ya 1920

Mbongo_Houston: Wakuu habari zenu. Waifu ni mtoto wa Wamexico, na mama mkwe sasa hivi hana wimbo mwingine ila kujua marehemu mama yake alitokea kwa kina nani. Karatasi zote za Marekani bibi kaandikwa kwa jina la mumewe, hata kaburini ni hivyohivyo. Tunachojua alizaliwa Arandas, Jalisco, kama 1927 hivi, akavuka El Paso na mumewe miaka ya 50. Nimekesha FamilySearch, ile tovuti ya kutafutia ukoo, wiki tatu wanakuja watu kibao ila yeye hayumo, na Kihispania changu ni cha kuombea maji. Nianzie wapi jamani?

binti_wa_Pangani: Pole shem, ila Mexico huyo unayemtafuta hayupo 😂 Kule mwanamke akiolewa habadilishi jina, ana majina mawili ya ukoo, la kwanza la baba la pili la mama, anazikwa nayo. Ni kama kwetu pwani tu, binti Salim ni binti Salim hata aolewe mara tatu. Mfano bibi alikuwa García López, basi baba ni García mama ni López. Chukua cheti chake cha kifo cha huko Texas, kina sehemu ya jina la baba na la mama kabla hajaolewa, anza na hayo.

Mzee wa Makabrasha: Naongezea. Huo mwaka na hiyo sehemu ni moto mkuu. Ilikuwa vita ya Cristero, serikali na Kanisa wanakabana koo, ibada za hadhara zilisimama 31 Julai 1926 mpaka 1929, mapadri wanabatiza majumbani kwa kujificha na Arandas ni katikati kabisa ya huo moto. Kwa hiyo usipomwona kwenye kitabu cha ubatizo usikate tamaa, nenda Registro Civil, daftari la serikali la vizazi, ndoa na vifo, imeanza 1859 enzi za rais Juárez. Na usiishie 1927, wengine waliandikishwa wameshakua. Ukiipata acta yake, yani kumbukumbu ya kuzaliwa, mara nyingi inataja wazazi na babu na bibi wa pande zote mbili yani karatasi moja vizazi vitatu!

Mbongo_Houston: Duh kumbe nilikuwa natwanga maji kwenye kinu. Cheti cha kifo tunacho, majina ya wazazi yapo, nimeyatafuta bado kimya.

binti_wa_Pangani: Jaribu "Ma." badala ya María, makarani walikuwa wanafupisha. Alafu kuna sensa ya Mexico ya 1930, ipo hapohapo FamilySearch bure, inataja kila mtu wa nyumba na umri wake, na hata kama ndoa ni ya kanisani au ya serikali au wanaishi tu pamoja.

Mbongo_Houston: WAKUU NIMEMPATA. Sensa 1930, miaka 3, jina "Ma." kama ulivyosema. Yupo na mama yake na kaka wawili, baba hayupo, kwa mama imeandikwa viuda. Mama mkwe kaniambia niprinti kaenda nayo chumbani hajatoka mpaka sasa.

Mzee wa Makabrasha: Viuda ni mjane. Sasa fungua vitabu vya vifo vya Registro Civil Arandas, 1926 mpaka 1930, tafuta jina la baba, soma na sababu ya kifo. Ila mwandae mama mkwe kwanza.