Naomba ushauri: Mvinyo wa Chenin (aina ya zabibu nyeupe) umegoma kuchachuka, pipa la lita 400

Wakuu, habari. Ni shamba la familia hapa Vouvray, Ufaransa, kilimo cha baiodinamiki (kilimo hai, bila kemikali za viwandani), kwa hiyo hamira ni ya asili tu. Ya pakiti hatutaki. Pipa moja limegota kwenye densiti 1.008 (yaani sukari bado imo), na pango la chokaa lenye mapipa limeshuka hadi nyuzi 11. Mashapo yamekorogwa ili kuamsha hamira, wapi! Hofu ni bakteria kuivamia sukari iliyobaki, mvinyo uanze kunuka siki.

Mpango: kupasha hadi nyuzi 18, kisha kumimina lita 20 kutoka pipa jirani linalotoa povu vizuri, kidogo kidogo ili hamira izoee pombe.

Je, salfa gramu 2 kwa hektolita (lita 100) itangulie kuzuia bakteria, au itaiua na hamira? Au nisubiri joto la masika?