Naomba ushauri: msafirishaji gani anaaminika kwa vitu vya kuvunjika?

Wakuu, salaam. Nataka kuagiza seti ya vikombe vya kauri mtandaoni, na muuzaji ameniachia nichague msafirishaji mwenyewe. Mzigo uliopita ulifika boksi likiwa limebonyea pembe moja, ndani glasi zimekuwa vipande vipande, halafu kampuni ikanijibu kwamba bima yao haigusi vioo wala kauri. Sasa bima ya nini? Stika ya "shika kwa uangalifu" siiamini tena. Mashine ya kupanga mizigo haijui kusoma. Kuna aliyewahi kulipwa fidia kweli, na walimdai picha zipi? Maboksi mawili, moja ndani ya jingine, yenye sentimita 5 za kujazia katikati, yanatosha? Au nilipie huduma ya haraka ili mzigo upite mikono michache?