Gunzi la Bibi: gumzo la kikundi cha familia, Uyole, Mbeya

*Jumamosi, 6 Desemba*

Mama Neema (Dar): Shikamoo mama. Kaka, shikamoo. Habari zenu wote. Tiketi tumeshakata, Mungu akipenda tarehe 21 jioni tuko Uyole. Neema na wadogo zake wameshaanza kuuliza kama kile kidoli cha Krismasi nilichotuma mwaka jana kitahama tena usiku 😀

Bibi: Marahaba mwanangu. Karibuni nyumbani. Mvua imeshika, watoto waje na masweta.

Mama Lusajo: Karibuni sana wifi. Hilo la kidoli naomba tuliongee mapema, usinielewe vibaya. Mwaka jana watoto walikuja tarehe 5, nyie mkafuata tarehe 23. Siku zote hizo kidoli nilikihamisha mimi. Natoka shamba kupanda mahindi, napika, naogesha watoto sita, halafu saa tano usiku nasimama sebuleni nafikiria leo kikae wapi, kishike nini. Kuna siku nilimwaga unga mezani ili ionekane kimepika. Asubuhi nikaufagia mwenyewe.

Baba Lusajo: Ni kweli. Na mimi nilikuwa nalala tu. Hapo nilikosea.

Mama Neema (Dar): Pole sana wifi yangu, na nisamehe. Mimi nilituma kidoli na maelekezo, nikaona nimeleta furaha. Mzigo sikuuona kabisa.

Mama Lusajo: Yameisha wifi. Kilichoniuma zaidi ni Lusajo. Alikigusa, wenzake wakamwambia ameua nguvu zake, Krismasi haji mtu. Alilia mpaka akalala.

Mama Neema (Dar): Ndivyo hadithi yake, Elf on the Shelf, ilivyo huko Marekani. Ilitoka mwaka 2005, kidoli kinakaa rafuni kinawaangalia watoto, usiku kinaenda kumwambia Baba Krismasi nani mtukutu. Na hawaruhusiwi kukigusa.

Kaka Mkubwa (Mafinga): Mtoto umpe mwanasesere halafu umkataze kumshika?

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:14)

Dada Tukuyu: Kwa mlio kazini, mama anasema hivi. Mwaka jana alisikia watoto wanakiita kibwengo, akanyamaza kwa kumheshimu mgeni aliyeleta, ila hakupenda. Nyumba ya sala haiwekwi kibwengo cha kupeleleza watoto. Halafu anauliza, mmemsahau mtoto wa gunzi?

Kaka Mkubwa (Mafinga): Jamani! Gunzi la mama! Lilivikwa kipande cha kitenge, kilemba kichwani. Wiki ya Krismasi analificha, anayeliona anapata andazi la kwanza, la moto. Mimi nililikuta ndani ya gambuti la baba, mguu wa kushoto. Nakumbuka kama jana.

Dada Tukuyu: Na tulilibeba mgongoni siku nzima. Jioni unamrudishia mama, kesho limefichwa tena.

Mama Neema (Dar): Mama, basi mwaka huu turudi hapo. Kidoli cha dukani nakiacha Dar.

Mama Lusajo: Hapo niko na nyie. Ila liwe la usiku nne tu, kuanzia tarehe 21 mpaka 24, wote tukiwepo. Kila usiku na mtu wake. Lifichwe ndani, lisipelekwe nje kwenye matope wala jikoni karibu na moto.

Kaka Mkubwa (Mafinga): Sawa. Mimi nitanunua zawadi ndogondogo za kila asubuhi, chokoleti na vigari.

Mama Lusajo: Hapana shemeji, nakuomba. Ukianza wewe, mwakani kila mtu atajiona ana deni. Januari ada inatusubiri, na mahindi yanataka mbolea ya kukuzia. Andazi linatosha.

Kaka Mkubwa (Mafinga): Nimekuelewa. Basi naleta tawi la msindano la kupamba sebule.

Dada Tukuyu: Ndizi juu yangu. Mchele wa Kyela nimeshaweka.

Baba Lusajo: Na mtu wa zamu akipitiwa na usingizi?

Bibi: Gunzi litalala palepale. Mtoto akiuliza, mwambieni limechoka, na lenyewe lipumzike.

Mama Lusajo: Ndaga fijo, asante sana mama. Hilo moja limenitua mzigo kweli.

Mama Neema (Dar): Bibi shikamoo, ni mimi Neema kwa simu ya mama. Nimefika miaka 12, najua ni nyie mnaoficha. Naomba usiku wa kwanza nifiche mimi, wadogo watafute. Sitawaambia.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Usiku wa kwanza ni wako. Usifiche juu sana, Lusajo hafiki.

Baba Lusajo: 📷 Picha. Mama, nimelitoa ghalani sasa hivi. Linafaa?

Bibi: Hilo jembamba, kitenge kitateleza. Angalia nyuma ya madebe, yapo manene.