Wimbo nimesharekodi, video nataka nitengeneze chumbani kwangu Sakina, Arusha, lakini mdomo unaachana na sauti. Naombeni ushauri

BintiSakina

Habari za jioni wakuu. Nimekwama, naombeni mnisaidie.

Nina wimbo mmoja nimemwimbia mama. Mama amenisomesha kwa ndizi. Alfajiri anapanda gari kwenda Tengeru kuchukua mzigo, mchana yuko soko la Kilombero amekaa na mikungu yake mpaka jua linazama. Wimbo una dakika 3 na sekunde 42. Studio nimelipa kwa hela ya kibubu, miezi saba naweka kidogo kidogo. Nikaulizia bei ya video hapa mjini, mwenye bei ya chini kabisa kanitajia laki nane. Sina. Na hata ningekuwa nazo ningempa mama aongezee mtaji.

Kwa hiyo nimeamua nirekodi mwenyewe. Nina simu ya Android ya kawaida, mdogo wangu ndiye anayeishika. Chumba ni cha kupanga, futi kumi kwa kumi na mbili, dirisha moja linaangalia upande wa Mlima Meru. Jumamosi tumeshinda tukirekodi mpaka giza likaingia. Nilicheza wimbo kwenye spika ya Bluetooth, nikasimama mbele ya pazia, nikafuatisha mdomo mwanzo mpaka mwisho bila kukata, mara nne. Usiku nikaingiza klipu kwenye CapCut, programu ya kuhariri video, nikazima sauti ya simu, nikaweka wimbo wa studio juu yake.

Ubeti wa kwanza uko vizuri. Kiitikio cha kwanza unaanza kuhisi kuna kitu hakijakaa sawa. Ubeti wa pili, sauti imeshasema "Mama, mkungu umekuelemea" wakati mdomo wangu ndio kwanza unafunguka. Mwishoni wimbo umekwisha, mimi bado naimba. Klipu zote nne ni hivyo hivyo.

Mengine mawili: klipu ya jioni, tulipowasha taa, ina mistari myeusi inayopanda na kushuka. Na uso wangu naona hauna uhai, kama mtu anayetafuna kitu.

Mama anatimiza miaka 55 mwezi ujao. Nataka aione siku hiyo.

ChaliiWaKijenge

Pole sana dada. Tatizo ni hiyo spika ya Bluetooth. Bluetooth inachelewesha sauti, hilo liko wazi. Chukua spika ya waya, rudia kurekodi, utaona mambo yamenyooka.

FundiSauti

Chalii wangu, ni kweli Bluetooth inachelewesha, wakati mwingine hata robo sekunde. Lakini inachelewesha kwa kiasi kile kile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ingekuwa ndiyo, mdomo ungekosea tangu neno la kwanza, ukasukuma klipu kidogo ikakaa. Yeye anasema mwanzo uko sawa, halafu pengo linazidi kukua. Hapo kuna vitu viwili vinavyokwenda kwa mwendo tofauti.

Simu nyingi hubadilisha zenyewe idadi ya fremu, yaani picha zinazopigwa kila sekunde, hasa mwanga ukipungua, na programu nyingine za kuhariri huchanganyikiwa hapo. Inawezekana. Ila kabla hatujafika huko, dada nijibu swali moja: wimbo uliokuwa unalia kwenye spika na huu uliouweka kwenye CapCut ni faili moja? Fungua yote mawili uangalie urefu mpaka sekunde.

BintiSakina

Mkuu FundiSauti, nimeangalia mikono ikitetemeka. Nilioupiga kwenye spika ni ule wa WhatsApp, prodyuza alinitumia mwanzoni nisikilize. Una 3:44. Huu wa mwisho una 3:42. Nimempigia, anasema alipofanya miksi alipandisha biti kutoka mapigo 110 kwa dakika hadi 111 ili uchangamke. Masikioni sikuwahi kugundua hata siku moja.

FundiSauti

Basi ugonjwa ndio huo, wala si simu yako. Sikio haligundui tofauti ya 110 na 111, lakini mdomo unaumbuka. Sekunde mbili ukizigawa kwenye wimbo mzima, kila sekunde kumi unachelewa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukifika dakika moja na nusu pengo ni kama sekunde 0.8. Ndiyo maana ubeti wa pili unakukataa.

Na kwako imeangukia upande mbaya: sauti inatangulia, mdomo unafuata. Macho ya watu hayavumilii hilo. Sisi tumezoea kuona kwanza ndipo tusikie. Mtu akipasua kuni ng'ambo ya korongo, unaona shoka limeshuka, mlio unakuja baadaye, na hushangai. Mlio ukitangulia shoka utashtuka. Kwa hiyo ukibaki na shaka ya fremu moja, acha sauti ichelewe, isitangulie.

Ulichorekodi Jumamosi usikitupe. Kikate vipande vya sekunde tatu, nne, tano, kila kipande ukipange upya. Ndani ya sekunde tano pengo halifiki hata sehemu moja ya ishirini ya sekunde, hakuna atakayeliona. Tena karibu video zote za muziki unazoziona zimeshonwa hivyo hivyo, vipande vifupi vifupi. Hakuna aliyekulazimisha usimame mbele ya kamera dakika tatu na nusu.

Kupanga kipande usitumie masikio, tumia midomo. Tafuta neno lenye m, b au p, maana hapo midomo lazima ifunge. Wewe una "Mama". Midomo inafunga, inafunguka, inafunga tena, inafunguka. Kuza picha, sogeza fremu moja moja mpaka uone midomo imegusana, halafu usikilize "m" ya wimbo inaanzia wapi. Zikikutana kwenye m zote mbili, kipande kimekaa. Ukitumia herufi kama a au k utahangaika bure, hazionekani vizuri mdomoni.

Utakaporekodi tena, tumia faili la mwisho na hilo tu. Mwambie prodyuza akuwekee milio minne ya kuhesabu kabla ya wimbo kuanza, ujue unaingia lini. Na usizime sauti ya simu wakati wa kurekodi, hata ikiwa mbaya. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha mawimbi ya sauti ya kufananisha na ya wimbo wa studio. Ukifuta mapema umejifunga kamba mwenyewe. Mwanzo wa kila klipu mdogo wako apige kofi moja mbele ya kamera, mikono ionekane, upate pa kuoanisha picha na sauti.

MzeeWaPasua

Binti yangu, mimi niko Moshi, narekodi harusi na kwaya muda mrefu sasa. Nikusaidie kwenye hiyo mistari.

Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu yako ikifungua na kufunga shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila picha, kwa mwendo usiolingana na huo ndipo mistari inapotokea. Ingia sehemu ya kurekodi kwa mkono kama simu inayo, au pakua Open Camera, ni ya bure. Weka shata 1/50 au 1/100. Fremu weka 25. Kama simu haina 25 baki na 30, shata hiyo hiyo, mistari itaondoka.

Ila ushauri wangu hasa ni kwamba taa hiyo uizime kabisa. Una dirisha, una utajiri. Usisimame na dirisha mgongoni, na usiliangalie moja kwa moja. Simama mshazari, shavu moja likipata mwanga zaidi ya jingine. Upande wenye giza mdogo wako mwingine au rafiki ashike shuka jeupe, lirudishie uso mwanga kidogo. Siku ya mawingu ya Arusha, yale ya asubuhi yanayokaa mpaka saa tano, ni nzuri kuliko ya jua kali, mwanga unakuwa laini na haubadilikibadiliki. Kwa kidole, bonyeza pale uso wako unapoonekana kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka simu ifunge mwanga, isiwe inahangaika kutafuta mwanga katikati ya ubeti. Futa lenzi kwa kitambaa laini kwanza. Nimeona kazi nyingi zimeharibiwa na alama ya kidole tu.

Na simu isishikwe. Iegemeze kwenye vitabu au ndoo, tumia kamera ya nyuma, usogee hatua mbili tatu. Ukikaa karibu sana pua inavimba.

MamaWaAlto

Mwanangu, hilo la kutafuna lina dawa moja: imba. Usichezeshe midomo, imba kwa sauti yako yote kama siku ile studio. Mtu anayeimba kweli shingo inakaza, kifua kinapanda, anavuta pumzi kabla ya mstari. Anayechezesha midomo havuti pumzi, na hapo ndipo watu wanapomjua. Kwenye kwaya yetu tuliporekodi tulisimama tukachezesha midomo, watu arobaini, na ikaonekana kama mazishi yasiyo na msiba. Tukarudia kwa kuimba kweli, ikawa kitu kingine.

Zile pumzi ulizovuta studio zimo kwenye wimbo. Zisikilize, ujue kila moja iko wapi, na wewe uvute hapo hapo.

Kama unaogopa majirani, maana nyumba za kupanga tunazijua, ongea na mama mwenye nyumba mapema, umwambie ni Jumamosi fulani saa fulani. Wimbo si lazima ulie kwa nguvu, spika ndogo ikae karibu na simu, wewe ndiye uimbe.

Halafu nikuulize, mama yako anaonekana kwenye video?

BintiSakina

Shikamoo mama, shikamoo mzee. Nashukuru sana, sikutegemea.

Hapana, haonekani. Sikutaka ajue. Nilifikiria nimrekodi sokoni kwa kificho, nikaona si sawa.

MamaWaAlto

Marahaba. Umefikiri vizuri. Basi usimrekodi yeye, rekodi kazi yake. Ngata yake anayojitwishia mzigo, khanga yake, kisu cha kukatia mikungu chenye utomvu mweusi, ndizi mshale zikiwa zimepangwa. Vitu hivyo havina mdomo wa kufuatisha, kwa hiyo ndivyo utakavyofunika navyo pale penye kasoro. Yeye akiviona atajua.

ChaliiWaKijenge

Nakubali nilikosea, mkuu FundiSauti, nimejifunza hapa.

Niongeze moja. Ukitaka sehemu ya taratibu, labda kiitikio cha mwisho, ucheze wimbo kwa mwendo mara mbili, uuimbe hivyo hivyo kwa haraka, simu ikirekodi fremu 60. Ukiingia kwenye CapCut punguza klipu iwe nusu mwendo. Nywele na khanga zinaelea polepole lakini mdomo unakwenda na wimbo wa kawaida. Inahitaji mazoezi maana maneno yanakimbia, mimi niliweza mara ya sita.

Na kabla hujapandisha YouTube, prodyuza akuandikie biti ni yako. Sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mambo ya mdomo tu baadaye yanaleta ugomvi.

BintiSakina

Nimerudi wakuu. Leo nimekata zile klipu za Jumamosi kama alivyosema FundiSauti. Nimeanza na ule mstari ulionitesa. Nimekuza mpaka midomo ikajaa kioo, nikasogeza fremu saba kulia, mbili kushoto. M ya kwanza imekaa. M ya pili imekaa. Mdogo wangu aliyekuwa anapika jikoni amesikia, akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema rudia.

Asubuhi mama akishapanda gari ya Tengeru naanza upya na faili la mwisho, dirishani, taa imezimwa, naimba kweli. Khanga yake ya zamani nimeshaitoa kabatini. Ngata anaondoka nayo kila siku, nitasubiri Jumapili akiwa kanisani.