Naomba ushauri: wanawake wawili, mabegi mgongoni, kutoka Tabora hadi Kalambo

MwalimuMoro

Habari za jioni wakuu. Nafundisha historia sekondari hapa Morogoro. Likizo ya Juni, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye chuo tunataka kwenda magharibi, upande ambao kila nikiutaja naulizwa, "Kule kuna nini?"

Njia niliyopanga: Tabora, treni hadi Mpanda, gari hadi Karema, kisha boti kuteremka Ziwa Tanganyika hadi Kipili, halafu Sumbawanga na maporomoko ya Kalambo. Siku 14. Kila mtu na begi lake, hema moja, laki sita kila mmoja bila nauli ya kurudi.

Karema ndiyo inayonivuta. Adrian Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, wamisionari wakamkomboa, akasomea udaktari Malta. Alifika Karema 1889 na akaendelea kuishi hapo akitibu watu hadi alipofariki 1956. Miaka 67 katika kijiji kimoja! Nimewasimulia wanafunzi habari zake mara nyingi, na sijawahi kukanyaga hapo.

Kinachonitatiza ni hiki. Mwenzangu hajui kuogelea na anaogopa maji. Nilipomweleza habari ya boti alinyamaza, kisha akasema, "Sawa tu, kama wewe unataka." Tangu siku hiyo jibu ni hilohilo. Je, nimsukume kidogo, akishapanda atazoea? Na wanawake wawili kulala kwenye hema vijijini, inakuwaje?

KonaYaMpanda

Karibuni kwetu, Mwalimu. Treni ya Mpanda inachepuka Kaliua kutoka reli ya kati. Bebeni maji na chakula cha kutosha, maana ratiba ni jambo moja na kufika ni jambo jingine. Mkifika usiku msianze kutafuta gesti kwa miguu. Kaeni stesheni na abiria wengine mpaka kupambazuke.

Karema ni zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Ulizieni gari jioni, mwondoke asubuhi. Msivae nguo nyeusi wala za bluu, mbung'o wanafuata sana rangi hizo na wanauma hata juu ya kitambaa. Pesa taslimu muwe nazo, tena noti ndogondogo. Wakala kuishiwa floti ni jambo la kawaida huko.

Jasiri_88

Mpandishe tu. Mimi niliogopa maji hadi nilipovuka kwenda Ukerewe, sasa sina shida kabisa.

MvuviKirando

Jasiri, naomba tusimshauri hivyo. Nimekulia kwenye hilo ziwa.

Mwalimu, Juni ni wakati wa upepo wa kusini. Ziwa letu ni jembamba lakini lina urefu wa karibu kilomita 670, na upepo huo unalipiga kwa urefu wake, kwa hiyo wimbi linapata nafasi ya kukua. Ninyi mnatoka Karema kwenda Kipili, yaani mnauelekea upepo uso kwa uso. Boti za mizigo zinajaza magunia, mafuta na watu pamoja, na jaketi okozi hazitoshi kila mara. Wapo wanaosafiri hivyo kila wiki kwa sababu ya shughuli zao. Wewe unakwenda matembezi. Mtu anayeogopa maji akianza kuhangaika ndani ya boti iliyojaa, anahatarisha wote.

Usipange kwa kutegemea Liemba pia. Naipenda meli hiyo kuliko ninavyoweza kueleza: ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa Kigoma vipandevipande, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924 na ikarudi kazini 1927. Lakini imekaa kwenye matengenezo miaka mingi.

Fanyeni hivi: mkitoka Karema rudini Mpanda, mpande basi la Sumbawanga. Barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Katavi. Shukeni Sitalike, kama kilomita 35 kutoka Mpanda, mlale siku moja muwaone viboko wa mto Katuma. Ila kutembea kwa miguu kwenye hiyo barabara ya hifadhini, hapana. Hamtakosa ziwa pia, kwa sababu kutoka Sumbawanga mnaweza kuteremka Kasanga.

Polepole_Tu

Hiyo "sawa tu" mimi naijua. Mwaka 2017 nilisafiri na rafiki yangu njia hizohizo. Goti lilikuwa linamuuma tangu nyumbani, kila nikimuuliza anasema sawa tu. Siku ya tano, Namanyere, alikaa kando ya barabara akanitolea yote: goti, pesa, namna nilivyokuwa nikiamua kila kitu mimi. Tulirudi kwa mabasi tofauti. Ilipita zaidi ya mwaka ndipo tukazungumza tena.

Usimuulize tena kama yuko tayari kupanda boti, maana swali hilo lina jibu lako ndani yake. Mpe ramani na kalamu, mwambie, "Chora njia ambayo ungepita kama ungekuwa peke yako." Kisha nyamaza. Usimsaidie.

Na pesa ya chakula na malazi iwekeni kwenye pochi moja, kila mtu atoe sawa. Mkianza kudaiana elfu mbili za chai, safari imekwisha.

Mama Matai

Mwanangu, hema msipige mahali popote kabla hamjafika kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti. Jitambulisheni, andikeni majina, aamue yeye mlale wapi. Mara nyingi mtaonyeshwa shule, misheni, au uwanja wa mtu mwenye familia. Mkishakuwa wageni wa kijiji, kijiji kizima kinawalinda. Bebeni khanga, na chandarua kwa ajili ya ziwani.

Huku Ufipa Juni ni baridi kweli. Sumbawanga iko juu zaidi ya mita 1,700. Kalambo mtapitia hapa Matai, maporomoko yako mpakani na Zambia na maji yanaanguka zaidi ya mita 200. Msisogee ukingoni kwa ajili ya picha.

MwalimuMoro

Nimerudi. Nilimpa ramani na kalamu jana. Akachora Mpanda, Karema, Sitalike, Sumbawanga, Kalambo. Ziwani hakugusa kabisa. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia mdogo wake alizama Rufiji wakiwa watoto, na hakutaka kuniharibia Karema yangu. Miaka tisa tunafahamiana, na sikuwa nalijua hilo. Nililia.

Boti nimeifuta. Karema tunakwenda wote, na Kasanga ataamua yeye tukishafika Sumbawanga. Mama Matai, mablanketi tubebe kutoka huku au tutapata?

Mama Matai

Msibebe, mtachoka bure. Mkishafika Sumbawanga niandikieni, mablanketi yapo nyumbani kwangu.