Mwalimu wangu na Nikon yake: aende Sony au abaki?

Mngamiani: Fundi aliyenifundisha picha hapa Tanga ametumia kamera za Nikon peke yake tangu enzi za mkanda. Vijana wa harusi wanamsonga ahamie Sony. Mimi nasema abaki. Nikon walileta kifungio cha F, pale lenzi inaposhikana na kamera, mwaka 1959 wakakishikilia miongo na miongo. Canon mwaka 1987 walibadilisha chao, watu wakabaki na lenzi za zamani, za FD, zisizoingia kwenye kamera mpya. Nani hapo alimheshimu mteja?

Lenzi Hamsini: Hoja hiyo iliisha 2018, Nikon nao walipoleta kifungio kipya, Z. Adapta ya Nikon ya kuunganisha lenzi za F ipo, lakini lenzi za zamani za mwalimu, za AF-D, zikipita hapo hazifokasi zenyewe, anazungusha kwa mkono. Bi harusi atamsubiri? Halafu Nikon inatutoa kijivu. Ngozi nyeusi waachie Canon.

Binti Kisauni: Kijivu ni mkono wa mpigaji! Kamera inasoma shela jeupe, inakata mwanga, uso unazama. Ongeza mwanga, elekeza flashi darini. Usisingizie kampuni.

Lenzi Hamsini: Dada, mkono huu unasomesha watoto. Kaulize wateja wangu kabla ya kunitukana.

Mngamiani: Jamani, nimeuliza habari ya mwalimu. Don McCullin, mpiga picha wa vita, Nikon yake ilizuia risasi Vietnam. Mtu kama huyo utamwambia ahame?

Studio ya Sokoni: Kambodia, siyo Vietnam. Na Cartier-Bresson, mpiga picha Mfaransa, alidumu na kamera za Leica, kwa hiyo risasi si sababu. Ila huyo dada ana haki kuhusu mwanga.

Binti Kisauni: Nimalizie. Kodak, watengeneza mkanda, walisawazisha rangi kwa kadi ya mwanamke mzungu, wakiiita Shirley, na maabara zikasafisha picha kwa kipimo hicho. Leo kipimo kiko mikononi mwetu, na bado mnawapausha mabibi harusi kwenye kompyuta. Albamu ya dada yangu, shangazi aliuliza huyu nani.

Studio ya Sokoni: Anayelipa ndiye anayeomba. Nimeambiwa "nitoe mweupe" na bibi harusi mwenyewe, mama mkwe kasimama pembeni. Nimkatalie nile nini?

Binti Kisauni: Mwambie atakuwa mzuri kwa rangi yake, kisha umtoe mzuri. Hiyo ndiyo kazi anayokulipia.

Lenzi Hamsini: Rahisi kusema ukiwa hudaiwi kodi ya fremu.

Binti Kisauni: Nadaiwa, kaka. Nami napiga harusi.

Studio ya Sokoni: Mngamiani, mwalimu wako je, anapausha?

Mngamiani: Hajawahi. Wateja wengine wamemkimbia kwa hilo hilo, wala si kwa Nikon.

Binti Kisauni: Anafika Mombasa? Mdogo wangu anaolewa mfungo sita. Nitumie bei zake leo.

Lenzi Hamsini: Na fokasi ya mkono?

Binti Kisauni: Bei, Mngamiani.