Utabiri wa taifa wa siku mbili na theluji ya Ziwa Erie: nifuate upi nikisafiri kwenda Buffalo?

Mzaliwa wa Kigoma, Ohio

Ndugu zangu, poleni na baridi. Ijumaa hii ninatarajia kuendesha gari na familia kutoka Cleveland hadi Buffalo kwa barabara kuu ya I-90, ambayo hufuata mwambao wa Ziwa Erie. Utabiri wa muda mfupi wa taifa, unaotolewa na kituo cha College Park, Maryland, unasema hewa baridi kutoka Kanada itashuka nyuma ya mfumo wa mgandamizo mdogo wa hewa, na theluji itaanguka kwenye pwani za maziwa zinazokabili upepo. Nikifungua utabiri wa mahali, mtaa wa shemeji yangu kaskazini mwa Buffalo umeandikiwa inchi 2, na Hamburg, kitongoji cha kusini mwa Buffalo ambako si mbali hata kidogo, inchi 16. Je, utabiri huu unapingana, na 12Z inayotajwa humo ni saa ngapi?

Mama Neema, Buffalo

Kaka, haupingani. Watabiri wa College Park wanaitazama nchi nzima, kwa hiyo kazi yao ni kukueleza hewa baridi inatoka wapi na inafika lini. Hawawezi kutenganisha mtaa na mtaa. Mwezi wa Novemba maji ya Ziwa Erie bado yamehifadhi joto la kiangazi, na hewa ya kwenye kimo cha mita 1,500 hivi ikiwa baridi kuliko maji hayo kwa takriban nyuzi 13 za Selsiasi, mvuke hupanda kwa nguvu na kuwa mawingu ya theluji. Upepo ukitoka magharibi-kusini-magharibi hupita juu ya urefu wote wa ziwa, na theluji yote hujikusanya katika mkanda mmoja mwembamba. Anayekaa chini ya mkanda haoni boneti ya gari lake. Aliye nje yake anaona jua. Novemba 2014 vitongoji vya kusini mwa jiji hili vilifunikwa na zaidi ya mita 1.5, magari yakakwama I-90, na kaskazini tukapata sentimita chache tu. Kwa hiyo shika utabiri wa ofisi ya hali ya hewa ya Buffalo, hasa maelezo marefu ya watabiri wenyewe, ambayo wengi hawayasomi kwa sababu hayana picha.

Dereva wa Lori

Kuhusu saa: Z ni saa ya dunia ya Greenwich. Tangu saa ziliporudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi wa mashariki tunatoa saa tano, hivyo 12Z ni saa moja asubuhi. Jihadhari zaidi na 00Z ya Ijumaa, kwa kuwa kwetu hiyo ni Alhamisi saa moja jioni, na nimeona watu wakiingia barabarani wakidhani wana usiku mzima mbele yao. Tazama pia ngazi ya tangazo: angalizo maana yake hali inaweza kutokea, lakini onyo maana yake inatarajiwa kwa uhakika mkubwa au imekwishaanza. Likitoka onyo kwa kaunti yoyote unayopitia, hata kama Cleveland ni kukavu, mimi siondoki.

Mzaliwa wa Kigoma, Ohio

Nawashukuru. Dada, je, nikichelewa hadi Ijumaa jioni, mkanda huo utakuwa umehama?

Mama Neema, Buffalo

Huenda ukahama, lakini angalia unahamia wapi. Mara nyingi, mfumo ukisogea mashariki, upepo hugeuka na kutoka kaskazini-magharibi. Buffalo hupata nafuu, ilhali theluji hushuka kusini kuelekea miji ya Dunkirk na Fredonia, ambako I-90 inapita. Ukingoja jioni unaweza kuukwepa mkanda mjini na kuukuta njiani. Soma toleo jipya la utabiri Alhamisi usiku na jingine Ijumaa alfajiri, ulinganishe mwelekeo wa upepo katika yote mawili. Ukiona umebadilika sana kati ya matoleo hayo, basi watabiri wenyewe bado hawana uhakika, na mwambie shemeji asubiri Jumamosi. Ukisafiri, weka mablanketi, koleo na maji ndani ya gari, si kwenye buti, kwa sababu buti likifunikwa na theluji halifunguki.